Mume wangu alitaka kuwalisha majirani nyama kwa hila, kisha aite ushuhuda

Admin, jina langu lifiche, ila hasira zangu ziache kama zilivyo.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, naishi Kibiti na mume wangu. Sisi ni Wakristo, tulikuja huku kutafuta maisha, na mtaa wetu karibu wote ni Waislamu. Watu wema mno. Jirani yangu Bi Siwema ndiye aliyenilelea huyu binti yangu mkubwa, Neema, nilipolazwa hospitali ya Utete kwa uzazi wa mwanangu wa pili. Alimlisha, alimwogesha, na Jumapili alimvisha gauni akampeleka kanisani mwenyewe, akamsubiri nje mpaka ibada iishe.

Sasa huyu mume. Ni mzee wa kanisa, anauza spea za pikipiki, na hana jambo lisilo la maonyesho. Msalaba wa shingoni sharti uning'inie juu ya shati. Spika ya kwaya kaielekeza kwa majirani, utadhani ndio waliomwomba. Akiingia mgahawani anaombea chai na chapati kwa sauti, mikono juu, mpaka chai inapoa na watu wanatazamana. Ati "imani ionekane". Lakini mgonjwa hajawahi kumpelekea hata uji, na Bi Siwema alipofiwa na dada yake, yeye alipita barabarani na pikipiki bila kusimama. Mtu mzima hovyo!

Mwezi uliopita Neema alipata kipaimara, tukaandaa shughuli. Huku kila mtu anajua, Mkristo ukiwa na shughuli unamwita Mwislamu akuchinjie, ili wageni wote wale sinia moja. Hakuna anayeona taabu. Mume wa Bi Siwema, Mzee Athumani, ndiye hutuchinjia miaka yote.

Asubuhi naamka, nakuta mume wangu nyuma ya jiko keshachinja mbuzi mwenyewe, anafuta kisu. Nikamwambia, "Baba Neema, majirani watakula nini?"

"Watakula hichohicho. Kwani nyama inavaa kanzu?"

Nikasema basi tuwapikie chakula chao mbali. Akanikatalia. Akaniambia, tena anacheka, kwamba nisimwambie mtu. Wakishamaliza kula atasimama na maiki atoe ushuhuda, kuwa leo mtaa mzima umekula meza ya Bwana bila kujua. Jamani! Huo ndio uinjilisti wake. Kumdanganya mzee wa watu tumboni!

Mzee Athumani alipokuja na kisu chake, nilimsikia mume wangu kwa masikio yangu akimwambia, "Pumzika mzee wangu, kuna kijana wa Kiislamu kapita, kanisaidia." Mzee akashukuru, akaenda kusaidia kufunga turubai. Bi Siwema na wenzie nikawapa kazi ya kukuna nazi na kuchambua mchele, sufuria za nyama nikawaachia kina mama wa kanisani. Nilimfuata mume wangu tena na tena, nikambembeleza, nikidhani atajirudi. Thubutu! Alikuwa anapanga spika.

Pilau ikapakuliwa. Bi Siwema kakaa mkekani na Neema ubavuni, kanawa, mkono unakwenda kwenye sinia. Nikaushika ule mkono. Nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mama, msile. Mbuzi kamchinja mume wangu."

Mzee Athumani akainuka taratibu. "Baba Neema, asubuhi uliniambiaje?"

Unajua alijibu nini? "Bwana asifiwe."

Mtu kaulizwa swali, anajibu Bwana asifiwe! Mxiuuu. Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye, mie nibaki.

Mzee akasema, "Ungetupa hata maharage tungekula, mwanangu. Sisi tulimfuata mtoto, hatukufuata nyama." Wengine waliondoka, na siwalaumu. Neema alikuwa analia. Bi Siwema akamfuta machozi, akatuma kwake kukaletwa wali na samaki wa kukaanga, akakaa palepale akala na mwanangu. Mume wangu alijifungia chumbani na biblia yake.

Tangu siku hiyo anasema nimemwaibisha Kristo. Kristo! Kana kwamba Kristo ndiye aliyemdanganya Mzee Athumani. Kapeleka maneno kwa wazee wenzie wa kanisa, nao wamemuunga mkono. Jumapili hii natakiwa nisimame mbele ya usharika niseme shetani alinitumia, na niahidi kutokanyaga tena kwa Bi Siwema. Nikikataa, ananirudisha kwetu, watoto anabaki nao. Na hatanii, begi langu keshalitoa chini ya kitanda.

Mimi kanisa nalipenda. Nimeimba kwaya tangu msichana, Mungu wangu sijamwacha wala simwachi. Na wanangu siwezi kuwaacha na mtu yule, atawafundisha nini? Nikasema labda nimeze tu, nisimame, niseme maneno yao, yaishe.

Jana nilikuwa namsuka Neema, akaniuliza, "Mama, Jumapili utasema umekosa nini? Maana mchungaji alitufundisha tusiseme uongo." Nikaendelea kusuka.

Ndugu zangu, nipeni akili. Nisimame nitubu nibaki na wanangu, au nikatae niondoke? Na wewe unayetaka kuandika "vumilia dada, mume ni kichwa cha nyumba", nyamaza kwanza, kamjibu Neema.