Uyoga wa Chini ya Mipopla

Mwaka jana nilirudi kule, rafiki yangu, na afadhali ningebaki zangu nyumbani Koekelberg, huku Brussels, nikaangalia televisheni. Nilikwenda na binti yangu, kikapu mkononi, mwishoni mwa Agosti, baada ya mvua nzuri. Nilitaka kumwonyesha mahali. Si mahali nilipozaliwa, maana mimi nimezaliwa Lubumbashi. Ni mahali pa uyoga. Nilikuwa nimepatunza tangu utoto, sijamtajia mtu, hata mama yangu mzazi, na nilikuwa nimejiapiza kwamba binti yangu akipata akili nitamkabidhi kama nilivyokabidhiwa mimi. Bon. Tulifika, tukainama, tukatafuta, hapakuwa na kitu. Lakini ngoja nianzie mwanzo, usije ukadhani nalilia mboga.

Tulipohamia Brussels baba alikuwa mwanafunzi na mama alikuwa anasafisha maofisi. Likizo kubwa ikifika, mtoto unamwacha wapi? Parokia yetu ilikuwa na utaratibu wa kuwapeleka watoto wa mjini kwa familia za mashambani. Wenzangu walipelekwa baharini wakarudi wanasimulia mchanga na aiskrimu. Mimi nilivushwa mpaka, nikapelekwa Ardennes za Ufaransa, kwa mjane mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Mémé, yaani bibi. Alinitazama kuanzia misuko ya nywele hadi viatu, akasema kwa viatu hivyo sitafika hata kwenye banda la kuku, akanitolea mabuti ya mpira ya mjukuu wake. Nililia usiku ule na uliofuata. Halafu nikaanza kula, nikaacha kulia.

Wee, chakula cha yule bibi! Duka halikuwepo. Gari la mkate lilipiga honi kwenye njia panda, tunatoka mbio, ndiyo basi. Vingine vyote vilitoka bustanini, bandani kwa kuku, au porini, ambapo yeye alipaita “huko nje” kama vile ni stoo yake. “Nenda huko nje ukalete kitu cha supu,” ananiambia, nami nakwenda. Nilivaa glavu nikachuma yale majani yanayowasha, yanachemshwa na viazi, na ajabu ni kwamba yakishaiva hayawashi tena. Nilichuma majani machachu kando ya ukuta, na siku ya kwanza kuyaonja nilipiga kelele, maana ilikuwa lumanda yetu kabisa, ile mboga chachu aliyopika bibi yangu Lubumbashi. Mémé aliyatia kwenye mayai. Mwezi wa saba tulipanda mlimani kuchuma vitunda vidogo vyeusi vya msituni, na jioni tulitoleana ndimi za buluu mbele ya kioo.

Alikuwa na sufuria moja ya chuma, nzito hata mimi sikuweza kuiinua. Anaipasha moto, anaisugua ndani na kipande cha mafuta ya nguruwe, halafu vitunguu, halafu viazi, anafunika, anakaa kubishana na redio juu ya hali ya hewa. Kama hapakuwa na nyama ya kuweka juu, chakula hicho kwao kinaitwa cha kitako wazi. “Leo tunakula kitako wazi,” anatangaza kwa uso mkavu, mimi nacheka hadi natoka kwenye kiti. Jirani yake, mkulima wa ng’ombe mwenye masikio makubwa, alipokuja kunywa kahawa, Mémé aliniwekea mkono kichwani akasema, “Huyu ni wa kwangu.” Sijui kama unaelewa. Brussels wakati ule nilikuwa mtoto wa mwisho darasani, anayekosea hata jina la rangi. Kule nilikuwa wa mtu.

Sasa tuje kwenye uyoga. Kule kuna ule wa manjano wanaouita girolle, una harufu ya tunda bichi, na watu wa kile kijiji wanaupenda kupita kiasi. Unaweza kumwuliza mtu ana kilo ngapi na analala na nani, atakujibu. Usimwulize anatoa wapi girolle zake. Wanaacha gari mbali kisha wanarudi kwa miguu ili kupoteza watu. Wanafunika kikapu kwa majani. Baba anamwonyesha mwanawe kwa wakati anaoona unafaa, na mke pengine asionyeshwe kamwe. Mimi nilistaajabu sana, maana mama alikuwa amenisimulia jinsi wanawake wa kwetu wanavyokwenda porini mvua za kwanza zikinyesha: kundi zima, wanaitana kwa sauti, aliyeona anawaita wenzake. Nilimwambia Mémé hivyo. Alisema, “Basi kwenu kuna uyoga mwingi,” akaendelea kumenya viazi.

Kiangazi changu cha tatu alinikalisha mezani asubuhi moja. Alifunga mlango, alizima redio, na redio ile haikuwahi kuzimwa. Aliniambia, “Leo nitakuonyesha mahali pangu. Utaapa kwanza. Hutamwambia mtu. Si jirani, si mwalimu, si padri. Hata mama yako.” Niliapa kwa kichwa cha babu yangu, na sisi kwetu hatuapi hivyo kwa mchezo. Akanishika mkono, tukapita nyuma ya banda, tukavuka kijito, tukaingia kwenye mipopla, ile miti mirefu waliyopanda kwa mistari kwa ajili ya mbao. Na hapo, kwenye lile zulia laini la kijani linalotanda penye unyevu, girolle! Moja hapa, tatu pale, nyingine imejificha nyuma ya shina. Nilipiga yowe, naye akaniziba mdomo huku anacheka. Alinipa kisu chake kidogo. “Kata kwa juu, usivute. Ukivuta unaua.” Nilikata kama daktari wa upasuaji, ulimi nje.

Tulizipika mara tu tuliporudi. Kwanza kikaangio kikavu, hadi zitoe maji na maji yaishe. Ndipo siagi, ndipo kitunguu saumu, ndipo majani ya parsley, mwisho mayai ambayo bado yana joto la kuku. Tulikula kutoka kikaangioni, bila sahani, tukikwangua na mkate. Kila kiangazi baada ya hapo ilikuwa hivyo: siku kadhaa baada ya mvua tunakwenda kwenye mipopla, na kila mara tulizikuta. Hata mara moja hatukurudi mikono mitupu. Nilijiona nina bahati ya pekee.

Mwaka mmoja nilirudi Brussels na chupa ya girolle kavu. Mama aliifungua jikoni, akanusa, akakaa chini na koti lake la kazi bado mwilini. “Bowa,” akasema. Ndivyo tunavyoita uyoga sisi wa Lubumbashi. Macho yalimjaa machozi, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia ovyo.

“Mutoto yangu, hii bowa munaitoa wapi?”

“Kule kwa Mémé.”

“Najua ni kwa Mémé. Fasi gani, mahali gani? Bon, tutaenda wote. Utanionyesha, miye nichume na mikono yangu. Tangu nimefika huku Ulaya sijagusa bowa yenye kutoka mu udongo.”

“Siwezi, maman. Niliapa.”

“Uliapa kwa nani? Miye niko mama yako!”

“Hata wewe, maman. Alisema hata wewe.”

Alicheka kwanza, akidhani ni utoto. Kisha akaona sicheki. Alifunga ile chupa polepole, akasema, “Alors, sasa uko na mama mwingine,” akaenda kuvua koti. Hakugomba. Ila tangu siku hiyo, kila akitaka uyoga alishuka mtaa wa Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, kununua ule mkavu unaofika kwa ndege, anaupika na karanga, anauonja, anasema una ladha ya valizi, ya sanduku la safari. Mimi nakula, najiona mkubwa, mtu wa kuaminika.

Mémé alifariki nikiwa tayari nimemaliza shule. Nilipata habari ameshazikwa, hakuna aliyefikiria kuniita. Nyumba iliuzwa. Kikaangio, ile sufuria nzito, kisu kidogo, sijui vilikwenda wapi, wala sikuuliza. Nilijiambia sihitaji kitu cha nyumbani mwake. Wengine wamechukua ukuta na kabati, mimi nimeachiwa mahali. Nilitembea na wazo hilo miaka yote, nikiwa natibu watu hospitalini, nikiwa napanga foleni kwenye uwanja wa Flagey siku ya soko na kuwaona watu wanavyonunua girolle kwenye vikasha na kuziita za porini. Najitabasamia. Hawajui ninachojua.

Donc, mwaka jana. Nusu ya mipopla imekatwa, iliyobaki imenenepa. Tulizunguka asubuhi nzima mimi na binti yangu, tunafunua lile zulia la kijani, tunapekua majani. Akatokea mzee na mbwa wake, na nikamtambua kwa masikio: ni yule jirani wa kahawa. Akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunanyoosha miguu. Akatazama kikapu, akatazama visu vyetu, akasubiri. Nikajisemea, Mémé hayupo tena, huyu ana mguu mmoja kaburini, nitakuwa nalinda kwa ajili ya nani? Nikamwambia: girolle.

“Chini ya popla?” Alicheka hadi mbwa akabweka. “Bibiye, hapa haijawahi kuota girolle hata moja. Popla na girolle haviendani. Mwulize mtu yeyote.”

“Nilizichuma hapa mwenyewe,” nikasema. “Kila kiangazi. Na Mémé.”

Akaacha kucheka. Akanitazama vizuri. “Ah! Ni wewe, kamtoto ka Brussels!” Ndipo akanieleza, bila ubaya wowote, jinsi yeye na mkewe walivyokuwa wakimwona Mémé alfajiri wakati wa kukamua ng’ombe, anakwenda kwenye mipopla na kikapu kimejaa, anarudi na kikapu kitupu. Mkewe alidhani bibi wa watu ameanza kuchanganyikiwa. “Alikuwa anazichomeka ardhini,” akasema. “Sasa naelewa ilikuwa ya nini.”

“Na mahali penyewe?”

“Pa kweli? Mjukuu wake anapajua. Alionyeshwa akiwa mdogo sana, kabla hujaja wewe. Bado anakuja kila mwaka, anajaza vikapu. Wapi, hilo sisi hatuulizi.” Akanigusia kofia, akamwita mbwa, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama pale kama mjinga. Na vitu vikaanza kujipanga vyenyewe kichwani. Kata kwa juu, usivute! Bila shaka nisivute, maana ningevuta ningeona shina limeshakatwa. Ndiyo maana hatukukosa hata mara moja. Ndiyo maana tulikwenda yeye akitaka, si mimi nikitaka. Na zile siku niliamka nikamkuta jikoni ameshavaa mabuti, mabuti yana umande, anasema ametoka kufungulia kuku.

Binti yangu alinishika mkono. “Maman, mais ni kitu kizuri,” akasema. “Mwanamke mzee anaamka gizani kukupandia uyoga ili uupate. Nani mwingine anaweza kukufanyia vile?”

Najua. Wewe pia unafikiri hivyo, nakuona. Kila niliyemsimulia ananiambia hivyo hivyo, na mkono anauweka kifuani. Sawa, alichoka kwa ajili yangu, sikatai, na kicheko chake wakati ananiziba mdomo kilikuwa cha kweli. Lakini nifikirie na mimi. Bibi anatembea porini gizani, anachuma, anabeba, anapiga magoti na mgongo wake ule mbovu, anachomeka moja moja, kiangazi baada ya kiangazi. Kazi yote hiyo ili asifanye kitu kimoja chepesi, kuniamini. Angeweza kuninyima tu. Angesema, mahali ni pa mjukuu wangu, wewe kula. Ningekula, ningeshukuru, ningebaki mtoto wa parokia anayekuja likizo. Badala yake alinilaza kwenye uongo akaniita wa kwake.

Hata hilo ningeweza kulimeza, watu wazima wanacheza na watoto kila siku. Nisichoweza ni kile kiapo. Kama mipopla haina kitu, mama angekuja akapekua akaondoka, Mémé angepoteza nini? Ila mama yangu angeinama mara moja tu, angevuta kwa vidole vyake vya Katanga, vilivyozoea uyoga, angejua zimechomekwa.

Mama aliondoka mwaka juzi. Wiki zake za mwisho hakuwa na hamu ya chakula, nikawa namwuliza nimpikie nini, anatikisa kichwa. Siku moja akasema, kwa sauti ya utani, “Uniletee ile bowa ya Mémé. Na fasi uniambie, sasa nitamwambia nani?” Nikacheka, nikambusu paji la uso, nikamwambia, maman, unajua niliapa. Akasema, “Ni vema, mutoto yangu. Uko na mudomo nguvu ya kulinda siri.” Alisema kwa kujivunia, rafiki yangu. Akageukia ukutani akalala, akijua kwamba mahali pale papo, pazuri, na kwamba mwanawe amechagua kumnyima.