Ledi Mbele ya Jaji

“Kesho namwambia wakili aifute kesi, Mama. Neno limekwisha.”

“Limekwisha kwako. Maharage hayajaiva, wewe umeshashiba woga.”

Anayetaka kuifuta ni Alcide, mkwe wangu. Binti yake Ledi hajafikia umri wa kushtaki mwenyewe, kwa hiyo kesi inasimama kwa jina la baba. Baba akijitoa, mjukuu wangu hatakanyaga chuo kikuu cha jimbo, ambacho hakijawahi kupokea mweusi hata wa kufagia darasani mchana.

“Msimamizi wa kiwanda anakuja leo kuchukua jibu,” akasema. “Kesi au kazi. Nimechemsha sukari yao tangu sijaota ndevu.”

“Na ndevu zenyewe hazijakusaidia.”

Nami nikakoroga sufuria.

Ledi alizaliwa juu ya paa la kanisa, mwaka wa mafuriko, mamba wakisubiri chini kama mashemasi wanaongojea kuku. Niliwakemea wakatoka nduki. Anayebisha akawaulize mamba. Lakini binti yangu Zelie hakushuka paani akiwa hai, na hilo silitilii chumvi.

Jina nililitoa mimi. Alcide alitaka Celestine. Kwetu Luiziana mzungu hamwiti mwanamke mweusi bibi wala ledi, yaani mwanamke wa heshima. Ukiwa kijana ni jina lako tupu, ukizeeka ni shangazi, hata kama mama yake hakukujua. Nikasema huyu ataitwa Ledi, tuone watapitia wapi.

Akakua mpole, mtu wa kusoma vibandiko vya chupa. Mjini dawa tunauziwa dirisha la nyuma, wakishahudumiwa wazungu wote. Akiwa msichana mdogo alisimama pale na mtoto wa jirani mgongoni, anakohoa, mpaka akaacha kukohoa na kupumua. Alirudi naye vilevile, amembeba. Tangu siku hiyo hakutaka kingine ila ufamasia.

“Hukuwepo mahakamani asubuhi,” nikamwambia Alcide.

“Nilikuwa kwenye mapipa ya sukari. Wewe ungekuwepo hata kuzimu, wakiruhusu kukaa.”

“Basi sikia. Wakili wa jimbo kasimama, kajaza kifua. Anataka kumwita kwa jina tupu, kama wanavyotuita. Kafungua kinywa: ‘Ledi.’ Jina likamkwama kama mwiba wa kambare. Akajaribu ‘wewe’. Jaji akamwambia, mwite shahidi kwa jina lake. Akarudi: Ledi, umri wako? Ledi, nani kakutuma? Amemwita hivyo leo mara nyingi kuliko alivyomwita mkewe tangu harusi.”

Alcide akaweka chini kijiko alichokuwa akichezea. “Unanidanganya, Mama.”

“Mamba niliwaongeza. Hili sijaongeza.”

“Na Ledi alijibu nini?”

“Walimwambia jimbo limewafungulia weusi chuo chao cha ufamasia, kwa nini hakitaki. Akasema, ‘Nilikwenda kukitazama, bwana. Kuna mlango wenye maandishi. Nyuma yake kuna chumba na viti. Hakuna dawa, hakuna mwalimu.’ Akasema polepole, mikono mapajani.”

Mkwe wangu akanigeukia.

“Zelie angesemaje?”

“Zelie alikuwa na hofu kuliko wewe. Lakini alipanda lile paa.”

“Nikifukuzwa tutakula nini?”

“Sijui,” nikasema, na mimi nina jibu la kila kitu.

Akajipangusa uso kwa kiganja. “Kesho nitakaa mbele, jaji anione. Nitasema mimi ndiye baba yake na kesi ni yangu. Na wewe, Mama, ukae kimya mahakamani, kwa sababu ukianza—”

Mlango ukasukumwa bila hodi. Msimamizi wa kiwanda akaingia, kofia kichwani. Kwetu mzungu akiingia unasimama, hata kama una tonge mdomoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshainuka nusu.

Alcide akabaki ameketi.