Ugomvi wa Foleni ya Chakula

Jumamosi nilikuwa kanisani mtaa wa Linden, hapa Columbus, Marekani, nikisaidia kugawa chakula cha bure. Kwenye foleni alisimama mzee mwenye kofia ya chama kimoja cha siasa, na nyuma yake mama mwenye beji ya chama kingine.

"Ninyi ndio mmetufikisha hapa," mama alisema, akiinyooshea kidole ile kofia.

"Na ninyi ndio mnapenda vya bure," mzee akajibu, huku amekumbatia maziwa ya bure.

Mama akamsukuma kwa kikapu. Maziwa yakaanguka, yakamwagika sakafuni, na bado hawakunyamaza.

Ndipo akaingia bwana mwenye koti la bei kubwa, akaipita foleni nzima, akaweka mfuko mmoja wa mchele mezani na kusimama apigwe picha.

"Bon, ule ndiye mwenye nyumba zao bote wawili," Mkongo niliyekuwa naye mezani akaninong'oneza. "Na mimi ninapanga kwake. Mwaka huu amepandisha kodi mara mbili."

Nikajiandaa kwa vita vyenyewe. Mzee akavua kofia. Mama akavuta kikapu chake kumpisha.

"Asante sana, bwana," wakasema kwa pamoja.

Bwana alipotoka, mama alimgeukia mzee tena. "Usinisogelee," akamwambia.

Siasa za huku bado ninajifunza. Ila nimeona kwamba hasira yetu ina adabu zake: inajua vizuri nani wa kusukumwa na nani wa kupishwa.