Adui Ndani ya Modemu

Mnicheke tu, nimestahili. Vita vilikuwa vimekaribia Uvira, kila mtu ana wasiwasi, na mimi fundi nilitaka kuonekana mjuzi. Jirani yangu Mama Furaha, muuza vitenge, aliniletea modemu yake iliyokataa kushika intaneti. Nilipoifungua nikaona, kwenye kibao cha nyaya ndani yake, vitundu vinne vimepangwa mstari mmoja. Nikajua hapo ndipo mashine husema na fundi. Nikapima kimoja kimoja hadi nikapata kinachotoa maneno, nikakiunganisha na kompyuta. Alama za ajabu zikamwagika kwenye kioo.

"Hii ni lugha ya siri!" nikapaza sauti. "Adui anatupeleleza kupitia modemu yenu!"

Mama Furaha akashika kichwa. Wateja wangu wawili waliokuwa wakisubiri wakatoka mbio kwenda kufunga mizigo, wakimbilie Burundi.

Nikajifanya kuchunguza zaidi, kumbe kasi ya kusoma niliyoweka kwenye kompyuta haikuwa yenyewe. Nilipoibadilisha, alama zikageuka maneno. Mama Furaha akainama, akasoma: "Duka Furaha."

Akanitazama. "Fundi, ile iko jina minye mwenyewe nilipatia wifi ya modemu yangu. Sasa huyo adui njo minye?"