Kamera Iliyosikia Msiba

Wiki iliyopita, hapa Katesh, nilikwenda kwa jirani yangu mfanyabiashara kumtazama fundi akifunga kamera na mashine ya kurekodi. Mwenye nyumba alikuwa Arusha, akijaribu mitambo kwa simu yake: anawasha taa za uani, anafungua geti, na sauti yake inatoka kwenye spika ya ukutani.

Geti likafunguka, akaingia baba yake, mzee kutoka Dirma, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo baba," spika ikasema.

Mzee akatazama mlangoni, kisha dirishani. Fundi akamweleza kwamba mwanawe yuko Arusha na anamwona kwenye simu.

"Baba, kuna nini?" mwanawe akauliza.

Mzee alivua kofia, akatuvuta pembeni mimi na fundi, akaipa kamera mgongo.

"Mama yake amefariki asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kumpigia simu. Nilitaka nimwambie amekaa, nimemshika mkono. Mwambieni aje tu nyumbani."

Fundi akaweka bisibisi chini. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kamera ile inanasa sauti pia, hata ya kunong'ona.

Spika ikaanza kutoa kilio cha mtu mzima. Mzee akasogea karibu na ukuta.

"Uko na nani huko, mwanangu?"

Kilio kikazidi.

Siku hizi tunanunua macho ya kulinda kila pembe ya ua. Aliyekuwa akilia, sisi tuliosimama pale hatukuweza kumwona.