Mwaka Farbror Alipouza Shayiri Mwenyewe

Baba yangu alikuwa na punda jike mmoja, mkaidi kuliko watu wote wa nyumbani kwetu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutembea nyuma yake. Tulikuwa tunabeba magunia kutoka barabarani, lori linaposhusha, mpaka misheni. Njiani palikuwa na daraja dogo la mbao. Punda akifika pale, anasimama. Umpige, umbembeleze, umwimbie, hasogei. Baba anamshusha magunia yote, tunayavusha wenyewe mabegani, ndipo punda anavuka kwa raha zake kama bibi harusi, tunampakia tena ng'ambo. Kila safari hivyo hivyo. Siku moja mvua ilitukuta hapo darajani, tukafika misheni tumelowa chapachapa, na mama mmoja Mswidi akaniingiza jikoni nikauke karibu na jiko la kuokea. Akanipa mkate wa moto. Basi sikutoka tena jikoni mle. Nilianza na kuosha masufuria, nikaishia kuoka. Shule nilisoma darasa mbili nikaona yanatosha, kwa hiyo anayesoma hapa asitafute Kiswahili cha vitabu.

Familia ya mama yule ilipomaliza muda wake ikanichukua mpaka kwao Stockholm, niwapikie na kuwaangalia watoto. Miaka ya sitini ilikuwa inaishia. Haukupita muda wakahamia mji mwingine, kwenye nyumba ndogo, mimi nikawa sina pa kukaa. Wakanitafutia kazi kwa mkulima mmoja upande wa kaskazini, karibu na Upplands Väsby. Ng'ombe kidogo, ngano kidogo, shayiri nyingi.

Mzee huyo alikuwa amefiwa na mke, hana mtoto. Siku ya kwanza aliniambia nimwite jina lake tu, maana miaka ile Waswidi walikuwa wameamua kuacha shikamoo zao zote na kuitana "wewe" tu, mkubwa na mdogo. Mimi ulimi ulikataa. Mtu wa umri wa baba yangu nimwite jina lake kavu? Nikamwita farbror, neno lao la ndugu wa baba. Akanimiminia kahawa. Kahawa alikuwa anainywa kwenye kisahani, bonge la sukari limebanwa kwenye meno, anavuta kwa sauti. Nilifurahi kuona Mzungu anayekunywa kwa sauti.

Upweke wa pale siwezi kuusema vizuri. Wiki nzima Kiswahili nilikuwa naongea na paka. Farbror naye kabla sijafika nadhani alikuwa haongei na mtu. Jioni tunakaa wawili jikoni, saa ya ukutani inagonga, theluji inaanguka nje, na mtu akisema neno moja tunalitafuna mpaka wakati wa kulala. Jumamosi nyingine nilikuwa nakwenda Rinkeby, pembeni ya Stockholm, kwa kijana mmoja wa Moshi aliyekuwa anasomea ufundi wa umeme. Yeye alikuwa na dhihaka.

"Mjomba, wenzako wanakuja Ulaya kukimbia jembe, wewe umelifuata!"

"Hakuna jembe. Kuna trekta."

"Na hilo trekta linajua Kiswahili?"

Nacheka, nakula ugali wake wa semolina, halafu napanda treni narudi kwenye kimya changu.

Sasa nije kwenye shayiri. Maisha yake yote Farbror alikuwa anapeleka nafaka kwenye chama cha wakulima. Unavuna, unakausha, unapeleka na tela, wanakuambia bei, unasema ahsante. Hakuna cha kuuliza. Lakini mwaka ule manispaa ilikuwa inataka mashamba ya upande ule ijenge magorofa, na bwana mmoja mwenye ramani alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Bei ya chama isingemtosha Farbror kulipa madeni yaliyokuwa yanamkaba. Jirani akamwambia wako wanunuzi binafsi, wa shayiri ya bia, wanalipa zaidi kwa anayejua kuuza. Kwa hiyo masika yale akajitoa kwenye chama. Mavuno yale yakiuzwa vizuri, shamba linabaki lake. Yasipouzwa vizuri, anampa yule wa ramani saini. Aliniambia hivyo mara moja tu, akiwa anafunga viatu, na mimi nikaelewa.

Shida ni kwamba hakuwahi kutaja bei mbele ya mtu.

"Kwenu mnafanyaje?" akaniuliza jioni moja.

Nikavaa kofia yake, nikawa mnunuzi. Akaweka bakuli la shayiri mezani.

"Hii?" nikasema. "Hii ya kuku."

Akawa mwekundu. "Si kweli. Ni nzuri."

"Najua ni nzuri, farbror. Nasema tu."

"Kwa nini useme kisicho kweli?"

"Ili wewe uniambie ni nzuri."

Akafikiri. "Lakini umesema unajua."

Nilicheka mpaka paka akatoka. Yeye hakucheka, alikuwa anajifunza. Jioni nyingi tulifanya hivyo. Mimi namtukania shayiri, yeye anaitetea, na pole pole akaanza kuwa na maneno. Nilimwambia pia bei ya kwanza haikubaliwi.

"Hata ikiwa nzuri?"

"Hata ikiwa nzuri. Ukikubali haraka, mwenzako atajua amekosea, atalala na uchungu."

Hilo lilimfurahisha. Siku zile nadhani ndizo zilizokuwa bora kwangu nchini mle, ingawa wakati ule sikujua.

Mnunuzi akaja vuli, mazao yamekwisha kukauka. Kijana mpole, kofia mkononi. Tukanywa kahawa kwanza, biskuti aina kwa aina ambazo nilioka mimi, maneno ya mvua na baridi. Kisha tukaenda ghalani. Akachota shayiri, akanusa, akang'ata punje, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakusema ya kuku. Akataja bei.

Niliona masikio ya Farbror yakibadilika rangi. Bei ile ilikuwa inaliokoa shamba, na kitu kinabaki. Akanitazama. Mimi nikatazama ukuta, maana mwenye mali ndiye anayesema.

"Hapana," akasema Farbror.

Kijana akauliza, "Hapana?"

"Hapana."

"Haya. Ahsante kwa kahawa."

Akatushika mkono sote wawili, mimi pia. Akavaa kofia. Tukasimama mlangoni pa ghala tukimwangalia anavyokwenda kwenye gari.

"Sasa anafanya nini?" Farbror akanong'ona.

"Anajifanya anaondoka."

Gari likawaka. Likageuka uani, likapita sanduku la posta.

"Anajifanya vizuri sana," akasema.

Likaingia barabara kuu, tukabaki tunasikia ng'ombe tu.

Kwetu pale ndipo mazungumzo yanaanza. Yule kijana alikuwa ameambiwa hapana, akaielewa hapana, akaenda kununua kwingine. Jioni nikamwambia Farbror, simu hiyo hapo, mpigie, mwambie tuongee. Akanishangaa kama nimemwambia avue nguo.

"Nilisema hapana. Mtu hasemi hapana halafu akapiga simu."

"Kwetu anapiga."

"Hapa hapigi."

Nikasema nipige mimi. Akauweka mkono wake juu ya simu, taratibu, akauacha pale mpaka kahawa ikapoa.

Tukasubiri. Kila gari likipita anainua kichwa. Baridi ikaingia, wanunuzi wengine wakawa wamejaza maghala, chama nacho hakikuwa chake tena. Mwisho akaja mfuga nguruwe akachukua yote kwa bei ya chakula cha nguruwe. Huyo hakunywa hata kahawa. Wiki ile ile bwana wa ramani akarudi, Farbror akatia saini mezani pale pale tulipokuwa tunachezea bakuli.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Jioni tulikaa kama zamani, ila sasa hata lile neno moja la kutafuna halikuwepo. Ng'ombe wakauzwa. Mimi nikapata kazi ya kuoka mikate mjini, na kitanda kwa kijana wa Moshi.

Farbror alikuwa anakwenda kwa dada yake, mbali huko kaskazini. Asubuhi ya kuondoka alifagia jikoni, akaosha vikombe viwili, akavaa koti. Nikasema nimsindikize mpaka stesheni. Akasema kuna matope. Akachukua sanduku, hakupita barabarani, akakata katikati ya shamba la shayiri, kwenye mabua yaliyobaki, viatu vyake vya kanisani vikizama. Nilisimama dirishani. Sikumwona tena.