Makosa Mia Nane ya Bibi Thoa

Bibi Thoa wa kichochoro chetu, nyuma ya kiwanda cha nguo cha Nam Dinh, alikuwa mtu wa ufagio. Kabla jua halijagusa mapaa alikuwa ameshafagia ua wake, nusu ya ua wangu, na lami ya serikali mpaka penye bomba la maji. Ukienda kwake kunywa chai, ukiinuka tu kikombe kimeshaoshwa. Mumewe alipofariki, wenye midomo walisema marehemu hakuuawa na ini, alipanguswa.

Mwanawe aliyeko Saigon alipomletea kompyuta, tulijua mashine ile itaogeshwa. Ilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza. Ikiwashwa ilinguruma, ikafikiri, na kabla haijafunguka ungeweza kuchemsha yai na kulimenya. Ndipo akaitwa fundi Tuyen mwenye kibanda sokoni, mtu wa miaka arobaini na ulimi wa miaka mia, akamwekea programu ya kusafisha rejista.

"Rejista ndiyo mdudu gani?" Bibi Thoa akauliza.

"Ni daftari la ndani, mama. Kila kinachoingia kwenye mashine huandikwa humo: jina lake, kinalala wapi, kinamtumikia nani. Wengine wameshahama, majina yamebaki. Sasa mashine inapoteza muda kuita maiti. Programu hii inawafuta."

Akabonyeza. Kioo kikajaa wekundu: makosa mia nane na kumi na mbili.

"Mia nane! Ndani ya nyumba yangu?"

"Hata kompyuta ya askofu ina elfu, mama."

"Huyo askofu hafagii."

Tangu siku hiyo, akishamaliza ua alikaa mbele ya kioo na kufagia rejista. Kila asubuhi makosa mapya ishirini, thelathini, na kila asubuhi alinitazama mimi.

"Jirani, jana ulipita hapa?"

"Nilipita kuazima chumvi."

"Basi. Makosa thelathini na moja."

Kama mashine ilienda kasi zaidi, mimi sikuona. Yai liliendelea kuiva. Lakini ndivyo dunia ilivyogeuka: zamani ulinunua ufagio kwa sababu umeuona uchafu, siku hizi unauziwa kwanza uchafu usioonekana, kisha ufagio wake. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mtu aliyejifunza kusoma kwenye karatasi za kufungia karanga asimfundishe yeye mashine. Hapo alinipata.

Tena hakuwa na kompyuta kwa mchezo. Ukoo wa mumewe, akina Doan, ulikuwa na kitabu cha nasaba, vizazi kumi na viwili, kimeandikwa kwa herufi za kale za mtindo wa Kichina. Katika Doan wote walio hai hapakuwa na hata mmoja wa kuzisoma. Mkubwa wa ukoo, Mzee Nghien, kaka wa marehemu, alimpa shemeji yake daftari la shule ambamo zamani mwalimu wa kukodi aliwatafsiria kile kitabu, akamwagiza aliandike upya kwa mashine. Kitabu kipya kingewekwa mbele ya madhabahu siku ya kumbukumbu ya babu mkuu, na baada ya hapo hakuna mkono utakaoongeza wala kupunguza.

Daftari lile lilikuwa na wanaume watupu. Baba kamzaa mwana, mwana kamzaa mwana, ungedhani ni jogoo wanaotaga. Mabinti waliandikwa kwa idadi: "mabinti wanne", "mabinti sita", na mwalimu alipochoka, "mabinti kadhaa".

Bibi Thoa alikaa miaka saba akiwatafuta hao kadhaa. Alipanda basi mpaka vijiji vya Hai Hau na Xuan Truong, akaketi na vikongwe waliotoka ukoo wa Doan wakaolewa mbali, akawauliza: shangazi yako aliitwaje, na shangazi wa mama yako? Aliandika kwenye karatasi, akarudi, akapiga chapa, na karatasi akawauzia wanunuzi wa chupa na makopo, maana karatasi zinakusanya vumbi. Kwa hiyo mabinti mia mbili na kumi na tisa walikaa mahali pamoja tu duniani: ndani ya mashine ile. Mzee Nghien hakuambiwa. Mimi niliambiwa kwa sababu sina pa kusemea.

Siku mbili kabla ya kumbukumbu, Bibi Thoa alifanya usafi mkubwa. Alishusha vyungu vya udi akavisugua, akafua mapazia, akakwangua masizi jikoni. Kisha akaiendea mashine. Programu ina visanduku vingi. Kwa kawaida aliweka alama kwenye vichache. Siku hiyo aliweka kwenye vyote. Programu ikamuuliza kama ahifadhi nakala ya vitu vinavyofutwa, pengine atavihitaji.

"Hebu ona ujinga huu," akaniita. "Nani anafagia nyumba kisha anatia taka mfukoni anaweka chini ya kitanda?"

Akakataa nakala. Akasafisha. Makosa sifuri. Alipiga makofi kama mtoto.

Alipofungua kitabu chake akasogeza uso kwenye kioo. Nikasogea. Maneno yetu ya Kivietinamu yamejaa herufi zenye kofia, ndevu na vitone, na kila moja yake ilikuwa imegeuka mdudu: alama ya pauni hapa, mraba pale, mkia usio na mnyama. Kurasa mia moja na arobaini za namna hiyo.

Tuyen alikuja akiwa bado anatafuna. Alitazama, akakuna kisogo.

"Mama, ulipiga chapa kwa fonti za zamani, zile sura za herufi za kompyuta za miaka ile. Majina yake yalikuwa kwenye rejista, programu ikaona siku hizi hayatumiwi na wengi, ikayahesabu takataka."

"Ikafuta wasio na kazi," Bibi Thoa akasema polepole. "Kumbe nayo ni ya ukoo wa Doan."

"Zirudishwe herufi, kitabu kitasomeka. Lakini diski yangu yenye herufi hizo ilipasuka zamani. Nitauliza Hanoi. Wiki ijayo, pengine."

"Kumbukumbu ni keshokutwa."

"Basi lile daftari la shule si lipo? Pelekeni lile."

Daftari la shule likiingia madhabahuni, ndilo litakalobaki. Bibi Thoa alikaa kwenye kiti chake mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza niliona majani yamelala uani kwake hayana wa kuyaokota.

Asubuhi nilimsikia akisoma kwa sauti. Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa; umri wetu unaruhusu. Nikachungulia. Alikuwa anasoma wadudu.

"Njoo, jirani. Huyu mraba ni O yenye kofia, kila mahali. Hii pauni ni A yenye alama ya sauti inayoshuka. Hawabadiliki. Simu za maandishi tulizipokea hivi hivi miaka ishirini na sita."

Alikuwa karani wa simu za maandishi pale posta. Mitambo ile haikujua kofia wala ndevu, kwa hiyo kila alama ilisafirishwa ikiwa imevaa herufi nyingine, na karani akaivua kichwani mwake huku anaandika. Maneno sita yalitosha kumwita mtu mazikoni, naye akafika. Leo mtu anakutumia maneno mia sita, na hakuna aliyekufa.

Akachapisha kitabu kama kilivyo, wadudu wote, akakishona kwa kitambaa chekundu.

Siku yenyewe nyumba ya ukoo ilijaa. Wanaume mkekani mbele, wanawake nyuma karibu na masufuria, mimi katikati kwa heshima ya jirani. Mzee Nghien, miaka themanini na minne, akapokea kitabu kwa mikono miwili, akakifungua. Akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa tena.

Nilikuwa namtazama. Nilimwona hata baba yake enzi hizo, akiinua kile kitabu cha kale mbele ya watu na kuimba majina aliyokariri. Siku moja alikishika juu chini, na wote wakaitikia kwa vichwa. Mkubwa wa Doan hajapata kusema mbele ya watu kwamba hasomi.

"Kazi safi," Mzee Nghien akasema. "Maandishi yana uzito." Akakohoa. "Moshi wa udi umeniingia machoni. Shemeji, soma wewe."

Mwanamke hakuwahi kusoma pale. Bibi Thoa alisogea mbele, akapiga magoti, akaanza. Kizazi cha kwanza: babu mkuu, mkewe, wana wawili. Akasogeza kidole mstari unaofuata. Na mabinti watatu: Nhai, Thia, Cuc.

Watu wakajigeuza mikekani. Binamu mmoja mwenye tumbo, Khoat, akainua mkono.

"Samahani, huyo Thia katoka wapi? Mimi sijawahi kumsikia."

"Ukurasa wa kwanza, mstari wa saba. Njoo umwone."

Khoat akaja, akainama juu ya kitabu. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akamtazama Mzee Nghien, na Mzee Nghien akatazama dari.

"Ndiyo," Khoat akasema. "Yupo."

"Basi keti, usituzibe," ikasema sauti ya kike kutoka kwenye masufuria.

Akasoma kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyeinua mkono tena. Alipofika kizazi cha kumi, cha mwaka wa njaa kuu, akasoma: "Mabinti wanne. Mua, Lua, Hoi, na Duom, aliyefariki akiwa na miaka sita, kaburi halijulikani."

Nyuma kikongwe mmoja akainuka kwa kushika nguzo. Ndiye huyo Mua, mwenye miaka sabini na minane, aliyeolewa mbali akiwa na kumi na saba.

"Umesema nani?"

"Duom, bibi."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Soma tena."

"Shangazi, kuku wanapoa," Khoat akasema.

"Mwache kuku apoe! Kwani anakwenda wapi?" Bibi Mua akamkemea. "Soma, mwanangu. Polepole. Na ile sehemu ya miaka sita."

Bibi Thoa akarudisha kidole mwanzo wa mstari.